Paleti isiyokausha akriliki: yangu ni kontena la msosi na sponji ya godoro

Mkuu mleta mada, umesema akriliki zako (hizi rangi za kuchorea zinazochanganywa na maji) zinakaukia kwenye sahani kabla hata hujamaliza anga, na sasa unataka uagize paleti ya maji ya dukani, yaani kile kisahani cha kuchanganyia rangi kinachotunza unyevu. Subiri kwanza. Mi nipo Moshi, nachora mlima Kilimanjaro kuwauzia wageni, na hilo tatizo limenitesa sana maana kilele cha Kibo kinafunguka asubuhi, ikifika saa nne saa tano mawingu yashafunika, we ushachanganya ile bluu ya kivuli cha barafu unasema ntamalizia kesho, kesho unaikuta imekuwa plastiki. Na kuipata tena bluu ile ile, aisee, utaikaribia tu.

Akriliki inakauka kwa kupoteza maji, kwa hiyo dawa ni kuinywesha kidogo kidogo kutokea chini. Tafuta kontena la plastiki fupi, mfuniko wake ubane kweli. Sponji mi nilimwomba fundi makochi vipande anavyotupa nikakata unene wa sentimita moja hivi, ukikosa panga tishu za jikoni matabaka kadhaa. Iloweshe ishibe, halafu maji yanayoelea juu yamwage, ukiyaacha rangi inageuka uji.

Sasa karatasi, hapa ndo penyewe. Inatakiwa ile ya kuokea keki, inapitisha unyevu polepole. Mi kwa ubahili wangu nilianza na nailoni, maji hayapiti kabisa, rangi ikakauka kama kawaida. Nikaja na karatasi ya daftari, ikalowa ikachakaa brashi ikawa inabeba nyuzinyuzi, nikatoa Kibo chenye manyoya (mke wangu alicheka wiki nzima). Ya nta nayo achana nayo. Hiyo ya keki iloweke kwanza kwenye maji ya moto dakika chache la sivyo itajikunja, kisha ilaze juu ya sponji ikiwa mbichi hivyo hivyo, sukuma mapovu kwa kiganja yatokee pembeni, maana palipo na hewa chini rangi ya juu yake itakauka.

Kingine ni ukungu. Desemba nilifunika nikaenda zangu Rombo Krismasi, kurudi baada ya wiki mbili nafungua, mama yangu, harufu kama soksi za mpagazi, na madoa meusi sponji nzima. Siku hizi natumia maji yaliyochemshwa yakapoa, natia matone mawili ya Jik, sponji naifua kila baada ya siku chache, na nikisafiri naosha naanika kila kitu.

Rangi za tyubu ndo zinakaa vizuri humo, zile nyepesi za chupa zinazidi kuwa majimaji. Kama unachora Tingatinga kwa rangi za mafuta za kopo basi hii haikuhusu, zile hazitaki maji.

Mi hapa leo Ijumaa, bluu niliyoichanganya Jumanne bado inafuata brashi.