Jumuiya Inakuja Kusali Rozari Nyumbani: Aliyeokoka Afanyeje?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi nimeokoka, ila mume wangu na mama mkwe ninayeishi naye ni Wakatoliki. Mwezi wa kumi jumuiya yao itasali rozari kwetu. Kanisani naambiwa kumwomba Maria ni ibada ya sanamu, nisikae hata sebuleni. Mama anasema hawamwabudu, wanamwomba awaombee tu, kama mimi ninavyokuomba wewe. Nani yuko sahihi, na siku hiyo nifanyeje?

JIBU: Amina, dada. Nianze na mama mkwe, maana nusu ya anayosema ni kweli na wengi wetu hatumpi haki yake. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria anapewa heshima, kubwa kuliko ya watakatifu wengine, lakini heshima. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulitamka kwamba vyeo vya Maria havipunguzi wala haviongezi kitu kwenye hadhi ya Kristo, mpatanishi pekee. Ukimwambia mama "mnamwabudu Maria", unamshitaki kwa jambo ambalo kanisa lake limelikataza, na mazungumzo yataishia hapo.

Tofauti yetu iko kwingine. Unaponiomba nikuombee, unasema na mtu aliye duniani anayekusikia, na Biblia imeagiza tuombeane (Yakobo 5:16). Maria yuko na Bwana. Katika Maandiko yote hatuoni mtu wa Mungu akimwomba mtakatifu aliyefariki amwombee, wala hatukupewa ahadi kwamba walio mbinguni wanasikia maombi yetu. Watakufungulia Ufunuo 5:8, wale wazee wenye vitasa vya manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Soma nao taratibu: maombi yanaletwa mbele za Mwanakondoo, lakini andiko halisemi kwamba yalielekezwa kwa wazee. Katika Matendo 1:14 mitume wanaomba pamoja na Maria. Hawamwombi yeye.

Sasa angalia sala zenyewe. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria, sala inayorudiwa zaidi katika rozari, imetoka Luka 1:28 na 1:42. Nusu ya pili, "utuombee sisi wakosefu", ni nyongeza ya Kanisa, iliyoingia rasmi katika kitabu cha sala cha Papa Pius V mwaka 1568. Maneno "Mama wa Mungu" yaliyomo humo yasikutishe. Mtaguso wa Efeso mwaka 431 ulikuwa unalinda ukweli kwamba mtoto aliyezaliwa ni Mungu kweli, na sisi tunakiri hivyo hivyo. Sala nzito zaidi ni nyingine. "Twaukimbilia ulinzi wako" inamwambia Maria "utuokoe siku zote kila tuingiapo hatarini". "Salamu Malkia" inamwita "uzima, tulizo na matumaini yetu". Mkatoliki aliyesoma atakueleza kwamba maana yake ni kwa maombezi yake. Sawa, lakini Paulo anamwita Kristo "uhai wetu" (Wakolosai 3:4) na "taraja letu" (1 Timotheo 1:1), na mgonjwa anayeisali sala hiyo usiku hafanyi hesabu hizo za kitaalamu. Hapo ndipo ninaposimama: Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema wenyewe, kwa ujasiri.

Kuna maandiko ambayo walokole tunayarusha ovyo. Malkia wa mbinguni wa Yeremia 44 ni mungu wa kike wa wapagani, si Maria. Kumbukumbu la Torati 18:11 inahusu kupiga ramli na kutafuta habari kwa wafu. Na Mathayo 6:7, juu ya kupayuka-payuka katika kusali, haikatazi kila kurudia. Zaburi 136 inarudia kiitikio kimoja mara 26. Ukianza na hayo, Mkatoliki anayejua Biblia atakujibu mara moja, na hoja yako nzuri haitasikilizwa tena.

Siku yenyewe: zungumza kwanza na mume wako, kisha mama, siku kadhaa kabla, asije akaaibika mbele ya wenzake. Wapokee wageni, andaa chai, kaa nao. Rozari ya matendo matano, yaani matukio ya Yesu na Maria yanayotafakariwa wakati wa kusali, huchukua kama dakika 20. Kanuni ya Imani, Baba Yetu (mara sita) na Atukuzwe Baba sema kwa sauti. Hizo ni zetu sote. Salamu Maria ziko 53: hapo nyamaza, utafakari tendo lililotajwa. Matendo ya uchungu, ya Jumanne na Ijumaa, yanaanzia Gethsemane na kuishia msalabani, nawe unaweza kumshukuru Yesu kimoyomoyo kwa hayo. Wakikupa zamu ya kuongoza tendo, omba radhi kwa upole. Wakija na sanamu ya Bikira Maria, usiinamie wala usiibusu, na usiwakemee wanaofanya hivyo. Dhamiri ikikataa hata kukaa kimya, baki jikoni. Warumi 14:23, inayosema lisilotoka katika imani ni dhambi, inakulinda, ila usigeuze jiko kuwa mahali pa kunung'unika.

Akikuuliza mtu kwa nini ulinyamaza, mjibu kwa sentensi moja kwamba unampenda na kumheshimu Maria, ila maombi unayapeleka kwa Mungu kwa jina la Yesu. Wageni wakishaondoka, mwombe mama msome pamoja Luka 1:46-55, wimbo wa Maria. Wimbo huo Wakatoliki huusali katika Masifu ya Jioni, na Martin Luther aliuandikia ufafanuzi mwaka 1521. Mstari wa 47 Maria anamwita Mungu "Mwokozi wangu". Muulize mama anauelewaje, halafu msikilize.