Kabla ya kwenda JKT, tengeneza miguu kwanza

Jioni ukipita Igoma, Mabatini au Kirumba hapa jijini Mwanza utawakuta vijana wakinyanyua vyuma vya kienyeji, bomba lenye kopo la zege kila upande. Waulize, wengi watakujibu kwamba wanajiandaa na jeshi, yaani JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kifua kinajaa, mikono inatuna, na hakuna ubaya. Lakini kambini kuruta haangushwi na kifua. Anaangushwa na ugoko, goti na unyayo, kwa sababu tangu siku za mwanzo atakimbia mchakamchaka, atapiga kwata kwenye ardhi ngumu na atasimama muda mrefu, kwa miguu ambayo mwezi mmoja nyuma kazi yake ilikuwa kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala.

Moyo na mapafu hujifunza haraka. Wiki 3 au 4 tu unaona pumzi imekua, na hapo ndipo vijana wengi wanapojiumiza. Mfupa hauendi kwa kasi hiyo. Ukiupa kazi mpya, mwili huanza kwa kuondoa chembe za mfupa wa zamani, ndipo ujaze mpya. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambazo mfupa umedhoofika kidogo wakati wewe unajisikia mwepesi kuliko siku zote. Ukiongeza mbio kwa pupa wakati huo, unapata ufa. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1855 daktari Breithaupt wa jeshi la Prussia aliandika habari za askari waliovimba nyayo kwa matembezi marefu, na eksirei ilipokuja kugunduliwa miaka mingi baadaye ikaonekana kwamba ile ilikuwa mifupa iliyopasuka kwa kuchoshwa.

Kwa hiyo jipe wiki 16. Mwanafunzi wa kidato cha sita ambaye mtihani wake ni Mei aanze Januari, siku 3 kwa wiki, dakika 40 kila siku, na masomo hayatadhurika. Ukisubiri majina ya mujibu wa sheria, yaani wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa JKT, yatoke ndipo ununue raba, umeshachelewa.

Wiki ya kwanza kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Ya pili, kimbia 2 tembea 2, mara 6. Ya tatu, kimbia 4 tembea 2, mara 4. Ya nne, kimbia 8 tembea 2, mara 2. Ya tano kimbia dakika 20 bila kusimama, kisha ongeza dakika 3 kila wiki: 23, halafu 26. Wiki ya nane rudi chini hadi 18 hata kama unajisikia vizuri. Hiyo ndiyo wiki ambayo mfupa unapata nafasi ya kujijenga. Kisha endelea 29, 32 na 35. Wiki ya kumi na mbili pumzisha tena miguu kwa dakika 20. Kati ya siku moja ya mbio na nyingine weka siku ya kupumzika mbio.

Kuhusu kasi, huhitaji saa. Imba chenja yoyote ya mchakamchaka uliyoimba shule ya msingi. Ukiweza kuitikia mstari mzima bila kukata pumzi, kasi ni sahihi. Ukishindwa, punguza. Na usikimbie juu ya lami kila siku wakati kando yake kuna udongo au uwanja wa shule. Mchanga wa ufukweni nao una tatizo lake: umeinama kuelekea majini, mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini, na nyonga zinaanza kuuma.

Mwanza jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi. Kijana anayetoka saa kumi na moja anakimbia gizani, na bodaboda hawamuoni. Subiri pambazuke au tumia jioni. Ukilazimika kutoka mapema, vaa fulana nyeupe na ukimbie upande ambao magari yanakujia usoni.

Milima tunayo ya kutosha, Isamilo, Bugando, Capri Point, na ni mali kubwa kwa mtu anayejiandaa. Lakini iguse kuanzia wiki ya tisa, siku moja tu kwa wiki badala ya mbio za kawaida. Panda ukikimbia kwa dakika moja, shuka ukitembea, mara 4 mwanzoni hadi mara 8. Narudia, shuka ukitembea. Kupanda kunachosha pumzi. Kushuka kwa mbio ndiko kunakopiga goti na ugoko.

Raba usinunue kwa sura. Pale soko la Mlango Mmoja utapata za mtumba za bei nafuu kuliko dukani, ila zikague. Kunja kiatu: kipinde kwenye vidole, na kikipinda katikati ya unyayo kiache. Bonyeza soli ya kisigino kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, uhai wake umeisha hata kama ngozi ya juu inang'aa. Geuza uangalie ilivyolika. Iliyolika upande mmoja itakupeleka mguu upande huohuo. Jaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka, ukiwa umevaa soksi, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Sasa viungo vingine. Mwanza ni jiji la miamba, basi itumie. Anza pushapu kwa kuegemea jiwe la kimo cha kiuno, mwili umenyooka kuanzia kisigino hadi kichwa. Ukifikisha 15 safi, hamia jiwe la kimo cha goti, kisha ardhini. Usipige hadi uanguke. Ukiweza 12 kwa mkupuo, piga 6, pumzika dakika moja na nusu, rudia mara 5. Kila wiki mbili jipime upya. Kosa la kawaida ni kuachia kiuno kining'inie na kushusha kichwa badala ya kifua. Hesabu inapanda, nguvu haipandi.

Tawi la mwembe au mlingoti wa juu wa goli utakufaa kwa kujivuta. Asiyeweza hata moja aning'inie sekunde 20, mara 4. Wiki zinazofuata aruke hadi kidevu kivuke mlingoti, kisha ajishushe taratibu akihesabu hadi 5. Mara 5 za namna hiyo zinajenga kuliko kurusharusha miguu.

Zoezi ambalo vijana hulidharau ndilo ninalolisisitiza zaidi. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, visigino nje, panda juu na ushuke chini polepole, 15, mara 3, siku 3 kwa wiki. Shavu la mguu lenye nguvu linaupunguzia ugoko mzigo. Ongeza kupanda na kushuka jiwe la kimo cha goti, mara 10 kila mguu, na kulala kifudifudi kisha kujiinua kwa viwiko na vidole, sekunde 20 hadi 60. Kichura usikifanyie mazoezi ya kukomoana. Kuruka 10, mara 2, ukitua kimya na magoti yakielekea vidole, inatosha. Anayeruka mia kadhaa siku moja bila kuzoea anaweza kuvunja misuli yenyewe. Mkojo ukitoka wa rangi ya chai ya rangi baada ya zoezi zito, nenda hospitali siku hiyohiyo, figo ziko hatarini.

Kubeba mzigo huanza wiki ya kumi na tatu. Weka dumu la maji la lita 5 kwenye begi la mgongoni, hizo ni kilo 5, na tembea saa moja, mara moja kwa wiki. Uzuri wa maji ni kwamba ukizidiwa unayamwaga. Kijana wa kilo 55 asivuke kilo 8, na asikimbie na mzigo hata kidogo.

Maumivu yasomwe vizuri. Ugoko ukiuma eneo refu, na maumivu yakapungua mwili unapopata moto, punguza mbio nusu kwa wiki moja au mbili. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yakazidi kadiri unavyokimbia, na yakikusumbua hata usiku, acha mbio na uonwe na daktari. Eksirei ya wiki mbili za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo usiichukue kama ruhusa ya kurudi barabarani. Ufa hupona kwa wiki 6 hadi 8 ukiheshimiwa. Kijana anayerefuka kwa kasi na kuumwa pale chini ya pia ya goti apunguze kuruka na kuchuchumaa hadi patulie.

Chakula kiko hapahapa. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo unapata protini na kalsiamu kwa pamoja; wapike na nyanya na ukamulie limau. Ugali, maharage, mchicha, karanga, mtindi. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni ni bora kuliko kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, ambacho kinakupa mapigo ya moyo na kukunyima usingizi. Chai kunywa saa moja baada ya mlo, maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Binti akiona hedhi imekatika tangu aanze mazoezi, na hana mimba, huenda anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa yake inalipia. Aongeze chakula na aende kituo cha afya.

Kisha kuna ziwa. Kuogelea ni zoezi zuri, ila Ziwa Victoria lina kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu hasa penye majani na konokono. Ukipima siku ya pili hutaona kitu, kwani mayai huanza kuonekana kwenye choo baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo yeyote aliyekulia Ilemela, Sengerema au Ukerewe akioga na kuvua ziwani apime kinyesi kabla ya kuanza mpango huu, na akikutwa nacho ameze prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake. Dawa hiyo haikulindi ukirudi majini kesho. Na ukiona umefanya mazoezi wiki 6 kwa uaminifu na pumzi iko palepale, usijiite mvivu. Pima damu, malaria na minyoo. Aliyepungukiwa damu hakimbii kwa bidii peke yake.

Lala saa 8 au 9. Wapo wanaojinyima usingizi eti wazoee kambi. Mwili haujengeki hivyo. Wiki 3 za mwisho sogeza tu ratiba, ulale saa mbili na nusu usiku, uamke saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Nafasi za jeshi haziuzwi. Sifa, umri na vyeti vinavyotakiwa visome kwenye tangazo la mwaka husika, na anayekuomba pesa ili jina lako lipite ni tapeli. Pia usichore mwili tatuu, isije ikakunyima nafasi.

Wiki ya mwisho kimbia mara mbili tu, dakika 15 kila mara, na usijipime pushapu. Kata kucha za miguu kwa mstari ulionyooka siku 3 kabla ya safari, usizungushe pembe zake, zisije zikaingia kwenye nyama ndani ya buti. Raba na soksi unazobeba ziwe zile ulizokwisha kukimbilia walau wiki 2.