Baruti nyeusi inataka grisi: jibu kwa msomaji ambaye bunduki yake inakwama

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amenunua nakala ya Winchester ya 1873, ile bunduki ya kale ya Kimarekani ya kusukuma wenzo, anajijazia risasi mwenyewe kwa baruti nyeusi, na kila akienda uwanja wa shabaha mambo ni yaleyale: risasi za mwanzo zinakwenda vizuri, kisha zinaanza kutawanyika, kisha wenzo unakuwa mzito kuusukuma, kisha anakaa pembeni anasugua mtutu huku wenzake wanaendelea. Anauliza ahamie baruti gani. Ujumbe wake umenikuta nikiwa na furaha, maana Jumamosi nimemaliza mashindano ya kutwa nzima na bunduki ya aina hiyohiyo, na fimbo ya kusafishia haikutoka mkobani hata mara moja. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, mniwie radhi.

Baruti yako haina kosa, ndugu yangu. Ungeniuliza kabla ya kununua kopo la chapa nyingine ningekuokolea fedha. Baruti nyeusi yoyote, ya Uswisi au ya Marekani, ya punje kubwa au ndogo, ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki chumvichumvi na masizi. Nyingine inatoka na ule moshi mweupe mzito unaotuficha shabaha, na iliyobaki inaganda ndani ya mtutu kama ukoko wa sufuria. Ukoko ukiwa laini, kichwa cha risasi inayofuata kinausomba na kuacha mwingine mpya, na hivyo utapiga mpaka uchoke wewe. Ukikauka, unajaa kwenye mifereji ya mtutu inayoizungusha risasi, kichwa kinapita juu bila kushika mzunguko, na risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Kazi nzima ya kujaza risasi hizi ni kuuzuia ukoko usikauke. Habari za nguvu zinakuja baadaye sana.

Mimi haya sikufundishwa na mtu, na hapo ndipo penye kidonda. Nilipoanza kulikuwa na mzee mmoja pale uwanjani, jina lake nalihifadhi, aliyekula chumvi nyingi na anayejua bunduki za kale kuliko wengi wetu. Nilimwendea kwa adabu zote, shikamoo yangu mkononi, nikamwomba anielekeze. Akajibu kwa sauti, watu wakisikia, kwamba baruti nyeusi ni ya watu wenye muda wa kupoteza, nikanunue risasi za kiwandani kama wenzangu. Wakacheka. Nakiri mpaka leo linaniuma. Nilirudi nyumbani nikapiga moyo konde, nikaanza kusoma na kupima peke yangu, na kila nilichokigundua nilikiandika kwenye daftari kwa hasira.

Jumamosi mzee alikuwepo. Baada ya raundi ya mwisho alikuja hadi kwenye meza yangu, akachutama, akapitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu. Kidole kilirudi cheusi na kinang'aa, kinateleza. Akakitazama, akakisugua na gumba, akakipangusa kwenye suruali, akaondoka bila neno. Mimi nilitosheka.

Alichokuwa anakitafuta ndicho ninachotaka ukitafute na wewe. Grisi iliyomo kwenye mfereji wa kichwa cha risasi inatakiwa isafiri mtutu mzima, na mtutu wa bunduki hizi si mfupi, wengi wetu tuna wa inchi 20 au 24. Ikiwa ni kidogo inaisha njiani, na sehemu ya mwisho ya mtutu inakauka. Hapo ndipo ukoko mgumu unapoanzia, na ndipo shabaha inapoharibikia. Piga risasi kumi, weka bunduki wazi ukiwa na hakika haina kitu chembani (pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa) wala kwenye magazini, kisha gusa mdomo wa mtutu. Ukiona duara la grisi lenye unyevu, uko salama. Ukiona unga wa kijivu, usitafute mchawi mwingine.

Vichwa vinavyouzwa tayari dukani vingi vimetengenezwa kwa ajili ya baruti ya kisasa isiyo na moshi. Mfereji wake ni mwembamba, na ndani kuna nta ngumu ya rangi inayopendeza macho, ambayo kwa baruti nyeusi haina msaada. Tafuta vichwa vyenye mfereji mpana na wa kina, vya madini laini ya risasi (mimi nachanganya sehemu 20 za madini hayo na 1 ya bati), na grisi yako iwe ya vitu vya asili: nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, au nta na mafuta ya zeituni. Grisi ya magari uiache kwenye magari. Mafuta yanayotokana na mafuta ghafi yakikutana na ukoko wa baruti nyeusi yanazaa kitu kama lami, na utakisugua hadi jua lizame.

Sasa ganda lenyewe. Kaliba (aina ya risasi kwa kipimo chake) ya .44-40 ilizaliwa pamoja na bunduki hiyo mwaka 1873, na jina lake linajieleza: greni 40 za baruti nyeusi, nyuma ya kichwa cha greni 200. (Greni ni kipimo kidogo, 15 na ushee zinafanya gramu moja.) Bunduki ya Henry ya 1860 iliyoitangulia ilikuwa na fataki, kile kinachowasha baruti, iliyofichwa kwenye ukingo wa ganda, ukishapiga ganda ni la kutupa. Ile ya 1873 fataki iko katikati na inabadilishwa, na Winchester wenyewe wakawa wanauza vifaa vya kujazia. Kwa hiyo atakayekuambia kujijazia ni ushamba wa siku hizi, mwambie wenye bunduki ndio walioanza.

Lakini usilazimishe hizo 40. Maganda ya zamani yalikuwa na nafasi kubwa zaidi kitakoni, ya leo yana kitako kinene na imara, na wengi tunaishia karibu na 35. Chukua kipimo kwenye kitabu cha kampuni iliyotengeneza baruti yako, usikichukue kwangu. Cha kushika ni kimoja: pasiwe na hewa kati ya baruti na kichwa. Baruti ijae mpaka kichwa kikikaa kiikandamize kidogo, milimita moja na nusu au mbili hivi. Pengo la hewa linaweza kukuvimbishia mtutu. Imimine polepole kupitia bomba refu jembamba, punje zijipange zenyewe, utashangaa ganda lilelile linavyopokea zaidi. Wazee wa magobori walijua kushindilia, sisi tumeletewa ganda tukadhani shughuli imekwisha.

Shingo ya ganda hili ni nyembamba, kila anayejaza .44-40 ana kopo lake la maganda yaliyojikunja. Dawa ni kutenganisha kazi: kalibu moja ya mashine ya kujazia ikalishe kichwa, nyingine ndiyo ibane mdomo wa ganda. Ukitaka vyote viwili kwa mvuto mmoja wa mkono, shingo itakukatalia. Na urefu wa risasi nzima usiuchezee. Ni inchi 1.592, yaani milimita 40.4 hivi, na kile kipande kinachopandisha risasi kutoka kwenye magazini kimechongwa kwa urefu huo. Ikizidi, haipandi. Ikipungua sana, inayofuata inachungulia ndani na kila kitu kinakwama. Nusu ya malalamiko ya "ukoko" ninayoletewa ni risasi fupi tu. Ncha ya kichwa iwe bapa na fataki ikae chini ya usawa wa kitako, kwa sababu ndani ya bomba la magazini kila ncha inaegemea fataki ya mwenzake.

Pima mtutu wako pia. Bunduki za asili mifereji yake ilikuwa karibu inchi .427, nakala nyingi zinazotoka Italia ni .429. Watu wananunua vichwa kwa kusoma jina la kaliba kwenye boksi, vinapita mtutuni vimelegea, kisha wanalaumu baruti. Bunduki ikiwa tupu, pitisha kipande cha madini laini ya risasi toka upande mmoja hadi wa pili, kipime kwa maikromita, ndipo ufungue pochi. Hili nimelisema mara nyingi, nitalisema tena.

Ndugu zangu, tatizo letu ni kupenda kununua jibu. Bunduki ikikwama tunanunua baruti mpya, ikikwama tena tunanunua mashine mpya, na grisi ya bei ndogo hatuitazami. Baya zaidi, kuna wanaochoka na kuanza kunong'onezana juu ya kutia "kidogo tu" cha baruti isiyo na moshi ndani ya ganda lilelile. Baruti hizi mbili hazipimwi kwa kijiko kimoja. Kifundo kinachofunga chemba ya 1873 ni cha viungo viwili vinavyokunjana, kilibuniwa kwa shinikizo dogo la wakati wake, na ganda lililojazwa baruti ya kisasa kama inavyojazwa nyeusi litaipasua bunduki usoni kwako. Atakayeniuliza vipimo vya namna hiyo sitamjibu. Sitamjibu hata akiwa rafiki.

Usafi ni jambo la dakika chache: maji ya moto mtutuni, kausha, paka mafuta. Maganda yatumbukize kwenye maji ya sabuni hapohapo uwanjani, yakilala na masizi usiku kucha yanaota kijani.

Halafu hukuniambia kaliba yako. Kama ni .44-40, haya yanakutosha. Kama ni .45 Colt, na nakala nyingi zinauzwa hivyo, una shida ya ziada ambayo grisi haiimalizi. Ganda la .45 limenyooka na kuta zake ni nene, kwa shinikizo dogo la baruti nyeusi halitanuki upesi kuziba chemba, na moshi unarudi nyuma hadi kwenye viungo vya wenzo. Ule uzito unaousikia mkononi huenda ukawa ndio huo. Tumia kichwa kizito cha greni 250 na ganda lililojaa sawasawa ili shinikizo lipande, na midomo ya maganda uilainishe kwa moto, kitako kikiwa ndani ya maji, kabla hata hujatia fataki. Wengine hawataki usumbufu huo, wanafungua vibamba vya ubavuni kila baada ya mashindano na kufuta. Niandikie ni ipi, na safari hii unitajie na kipenyo cha mtutu ulichokipima mwenyewe.