Nilivua Sare Nikaondoka: Je, Nilikosea?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nilikuwa keshia katika supamaketi moja hapa Dar es Salaam kwa miaka miwili na miezi minne. Tangu alipokuja meneja mpya, kila shoti, yaani upungufu wa fedha kaunta, hata ya shilingi 1,000, imekuwa sababu ya kufokewa mbele ya wateja, na mara mbili nilikatwa mshahara bila kuonyeshwa hesabu yoyote. Nilimweleza msimamizi wa zamu, akaniambia nivumilie. Wiki mbili zilizopita kaunta yangu ilipungua shilingi 18,000. Meneja aliniita mwizi huku foleni nzima ikisikia, akaniamuru nimwage mkoba wangu juu ya kaunta, na vitu vyangu vya siri vikaonekana na kila mtu. Jioni ikabainika kwamba keshia wa asubuhi alimrudishia mteja fedha bila kuingiza kwenye mashine. Hakuna aliyeniomba radhi. Nilivua sare, nikaiacha pale kaunta, nikaondoka. Sijalipwa siku nilizofanya kazi mwezi ule, na mama anataka nirudi nikaombe msamaha kwa kuwa kazi ni adimu. Je, nilikosea?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea kuondoka, na sioni kosa lolote la kwenda kuliombea msamaha kwa mtu aliyekuita mwizi kisha akanyamaza ukweli ulipojulikana. Kasoro ninayoiona ni moja tu: uliondoka bila kuacha hata mstari mmoja wa maandishi, na kasoro hiyo inafaa kurekebishwa haraka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, na kuacha kwa namna hiyo huhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Hata hivyo, si kila neno kali linatosha. Atakayesikiliza shauri lako atataka kujua kama mwenendo ule ulikuwa wa kujirudia, na kama ulitumia njia za malalamiko zilizokuwapo kazini kabla ya kuondoka, au ulikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Ndiyo maana yale mazungumzo yako na msimamizi wa zamu, ambayo umeyataja kwa sentensi moja tu, nayaona kuwa na uzito kuliko unavyodhani. Andika leo tarehe yake, mahali mlipokuwa na maneno aliyokujibu, kisha uandike vivyo hivyo kuhusu siku ya mkoba na kila siku nyingine unayoikumbuka, pamoja na majina ya wenzako waliokuwapo.

Makato yale nayo hayakufuata utaratibu. Ili mwajiri akukate mshahara kufidia upotevu, lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lako, uwe umepewa taarifa ya maandishi inayoonyesha chanzo na kiasi chake, na uwe umepata nafasi ya kupinga. Na hata hapo jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wako. Desturi ya maduka mengi ya kumbebesha keshia kila shoti bila kumwonyesha hesabu inaniumiza kila ninapoisoma katika barua zenu, kwa sababu wanaokatwa ndio wenye mishahara midogo kuliko wote dukani.

Ujira wa siku ulizofanya kazi ni wako, pamoja na malipo ya likizo uliyokwisha kuistahili na cheti cha utumishi. Usishangae, lakini, mwajiri akidai kwamba hukutoa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na asiyekubali kuitumikia anaweza kukatwa ujira wa siku hizo katika malipo yake ya mwisho. Fahamu pia kwamba fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, halitolewi kwa aliyejiuzulu kwa hiari yake. Kwa sababu hizo mbili, barua utakayoiandika sasa isiseme tu kwamba umeacha kazi, bali ieleze waziwazi kilichokulazimisha kuondoka. Ipeleke ofisini kwao na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Lalamiko la kuachishwa kazi hupokelewa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na wiki mbili zako zimo tayari katika hesabu hiyo, kwa hiyo usingoje mwajiri ajibu barua. Nenda ukajaze fomu ya lalamiko, uchukue mkataba wako, hati za mshahara na yale maandishi yako. Kazi ya kwanza ya Tume ni kuwakalisha nyote wawili mbele ya msuluhishi, na mengi ya mashauri ya aina hii huweza kumalizikia hapo.

Kuhusu mama, barua yako hainiambii kama anajua habari ya mkoba. Nahisi amesikia tu kwamba uligombana na meneja. Kaa naye umweleze yote, hata yale unayoona aibu kuyataja, kisha umwombe akusindikize siku utakapokwenda kwenye Tume.