Jibu: Ripoti ya mtathmini wa PIP imekosea hali ya mama, nilalamike wapi?

Pole sana, ndugu. Umeuliza kama kulalamika kwa kampuni iliyompima mama huko Uingereza kutabadilisha uamuzi wa PIP, yaani malipo ya serikali kwa watu wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Hapana. Malalamiko hayo yanahusu mwenendo wa mtathmini; pointi zinazoamua malipo hubadilishwa na DWP (idara ya serikali inayosimamia PIP) au baraza la rufaa tu. Inauma kuona watu wakingoja majibu ya kampuni huku mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya ukiyoyoma. Unahesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi, kwa hiyo anza na ombi hilo.

Leo hii pigia DWP, omba nakala ya ripoti, uisome kalamu mkononi. Wameandika "alitembea hadi kitini bila shida"? Hizo ni hatua chache, hazithibitishi kwamba anaweza kutembea mita 50. Eleza anafika mita ngapi kabla maumivu hayajamsimamisha, anapumzika dakika ngapi, na kama anaweza kurudia siku hiyohiyo. Hapo ndipo kesi nyingi hukwama: kanuni zinataka aweze kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia, na kwa muda usiozidi mara mbili ya mtu asiye na tatizo hilo. Tatizo liwepo katika siku zinazozidi nusu ya siku zote. Pointi 8 ni malipo ya kawaida, 12 ya juu.

DWP wakikataa, mna mwezi mwingine wa kukata rufaa, bila ada. Kwenye fomu ombeni kusikilizwa ana kwa ana, na mkalimani wa Kiswahili.