Kinga ya askari wa misheni inaishia wapi: kwa vijana mnaojiandaa kuondoka

Vijana mnaokwenda misheni ya kulinda amani Kongo au Afrika ya Kati, darasani mtaambiwa kwamba askari wa Umoja wa Mataifa ana kinga ya kisheria. Wengi hutoka na neno hilo moja tu, mengine yote wameyaacha kwenye kiti. Nimekaa na makundi ya askari kabla hawajaondoka na baada ya kurudi, na kinachowatatiza zaidi si vita, ni mambo ya barabarani na mitaani.

Umoja wa Mataifa hufunga mkataba na nchi inayopokea vikosi, kwa kufuata kielelezo cha mwaka 1990. Kielelezo kinasema mwanajeshi wa kikosi akifanya kosa la jinai kule, nchi yake peke yake ndiyo yenye mamlaka ya kumshitaki. Someni vizuri: hapasemwi popote kwamba hashitakiwi. Kwa Mtanzania, hapo inakuja Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, na mahakama ya kijeshi, ambayo sijaona aliyeisifia kwa upole.

Sasa tuseme unaendesha gari la misheni kuingia Beni, mji wa mashariki ya Kongo. Pikipiki inakatiza, mnagongana, watu wanajaa. Polisi anafika na kutaka kitambulisho. Mwonyeshe, lakini kisitoke mkononi mwako. Mkataba unakutaka ukionyeshe, haukutaki ukisalimishe. Asome, anakili namba, basi. Kikishaingia mfukoni mwake, wewe ni kijana mwenye bunduki asiye na utambulisho, tena katikati ya watu wenye hasira.

Je, anaweza kukukamata? Ndiyo, akikukuta ukitenda kosa la jinai au ukijaribu kulitenda. Ila anatakiwa akukabidhi mara moja, wewe na silaha yako, kwa mwakilishi wa misheni aliye karibu. Mahojiano ya awali anaweza kufanya, lakini hayaruhusiwi kuchelewesha makabidhiano. Kwa hiyo piga redio, taja ulipo, tulia. Usimfokee kwamba hana haki ya kukugusa. Huenda mkataba wenyewe hajawahi kuuona. Mweleze kwa Kiswahili, mashariki ya Kongo mtaelewana.

Na yule aliyeumia? Msaidie apate matibabu, lakini usimwahidi fidia wala usichomoe hela mfukoni ili yaishe. Madai yake yana njia yake kwenye misheni. Mwaka 1998 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliweka ukomo wa dola 50,000 kwa madai ya mtu aliyeumia au kufa, na kwa kawaida madai yafikishwe ndani ya miezi 6. Karatasi itakayomsaidia yeye na wewe ni taarifa yako ya siku ileile: saa, mwendo, nani alikuwa ndani ya gari, na shughuli gani iliyowapeleka. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Yaliyofanyika kwa kazi yanabaki na kinga hata ukisharudi nyumbani. Simu uliyokopa dukani si kazi. Mwenye duka akifungua kesi, mkuu wa misheni ataulizwa kama jambo hilo lilihusu majukumu yako; akijibu hapana, kesi inaendelea.

Kuhusu ngono sina maneno mengi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2003 zinakataza kabisa kumgusa aliye chini ya miaka 18, na "nilidhani ni mkubwa" haikubaliki kama utetezi. Kulipa ngono kwa hela, chakula au ahadi ya kazi pia ni marufuku. Mkumbuke Juni 2023: Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha kikosi chetu cha watu 60 kutoka Afrika ya Kati, ilhali ushahidi wa awali uliwahusisha 11. Hesabu hiyo huwa naiacha ubaoni mpaka kipindi kiishe.

Mtauliza na upande wa pili: sisi tukishambuliwa? Kuna mkataba mwingine wa kimataifa, wa mwaka 1994, unaofanya kumshambulia mlinda amani kuwa kosa la jinai. Lakini haugusi operesheni za kutumia nguvu ambamo askari wanapigana kama wapiganaji dhidi ya majeshi yaliyojipanga. Vijana wetu wa FIB, brigedi iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la Machi 2013, ili kuwafuata waasi, walikaa katikati ya hali hizo mbili, na wanasheria bado wanabishana juu yao. Kwa hiyo jua amri za operesheni zinakuweka upande gani kabla ya kutoka doria.

Kabla ya kupanda ndege, muombe afisa sheria wa kikosi nakala ya mkataba kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi za kule, na namba ya zamu ya polisi jeshi wa misheni. Nakala ikae kwenye gari, isiwe kwenye begi kambini.