Ndege wa pwani wanataka muhuri, sio fulana

Juzi dada mmoja wa Kigombe, kule Tanga, kanitumia meseji ndefu wasap baada ya kusikia sheria ndogo yetu ya mikoko imepita. Na wao wana vijana wanapenda ndege, wanataka kikundi, sasa waanze na fulana au semina? Dada yangu, fulana za nini.

Mi huku Bagamoyo maji yakitoka nakaa ukingoni nawaangalia sululu, ndege wa topeni. Lile domo lililopinda linazama topeni, linatoka na kaa, anamkung'uta mpaka miguu inachomoka ndo anammeza. Wageni hao, na vitwitwi wengi pia, ndege wadogo wa ufukweni, wanatoka kaskazini, huko mpaka Urusi, wanakimbia baridi, mwezi wa tisa wanaanza kumiminika, mwezi wa nne wengi washaondoka. Maji yakijaa tope lote linafunikwa, sululu wanapanda kwenye mikoko kusubiri. Halafu mtu anakuja na shoka anataka boriti, unamwambia ndege watakaa wapi, anakucheka!

Sheria zipo, tena nyingi. Mikoko yote ni msitu wa hifadhi, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 toka ufukweni, na kuna AEWA, mkataba wa ndege wa majini wanaohama uliofikiwa mwaka 1995, Tanzania tumo. Ila mwenye shoka haogopi mkataba, anaogopa mwenyekiti mwenye muhtasari na faini mkononi. Kwa hiyo halmashauri ya kijiji iandike sheria ndogo, mkutano mkuu ujadili, halmashauri ya wilaya iidhinishe. Na kila karatasi ipigwe muhuri.

Narudia, muhuri. Rasimu yetu ya kwanza ilipotea mezani kwa afisa mmoja, simtaji, tulipofuatilia akaniuliza mbele za watu, "Mama, kwani hao ndege wanapiga kura?" Wakacheka wote ofisini. Mpaka leo nikimuona njiani nageuza uso. Bahati fotokopi ilikuwepo na sahihi ya mapokezi juu yake, akakosa pa kukimbilia.

Mkutanoni sikutaja ndege hata mmoja, nilitaja kamba. Mikoko ikiisha watoto wa kamba wanakulia wapi? Wazee wa nyavu, wale wale walioniita mama kunguru, wakanyoosha mikono, mi nikatamani kupiga vigelegele.

Nyie vijana mnapenda sana picha na mabango, mgeni akija na kamera mnajipanga, kikao cha kijiji kikiitwa mko kijiweni. Ndege halindwi na picha jamani! Nendeni vikaoni, hata kama mnachoka, hata kama wanawacheka.

Wewe dada kesho nenda kwa mtendaji, kaulize mkutano mkuu unaofuata lini, kwa utaratibu ni kila miezi mitatu, na omba agenda ya mikoko iandikwe kabla hujatoka pale ofisini. Akikwambia ataiandika baadae, kaa kwenye benchi.